Baada ya Kilele

Tarehe 4 Agosti 1972, baharini karibu na Hon La, kusini mwa bandari ya Hai Phong, mabomu ambayo jeshi la Marekani lilikuwa limeyatega majini miezi michache kabla yalianza kulipuka yenyewe. Hakuna meli iliyopita. Marubani waliokuwa wakiruka eneo hilo walihesabu milipuko zaidi ya 20 katika muda wa nusu dakika hivi, na baadaye wakaona mabaka ya tope juu ya maji. Mabomu hayo yalitengenezwa ili yahisi sumaku: chuma cha meli kikisogea, uga wa sumaku wa mahali pale hubadilika kidogo, na bomu hufyatuka. Siku ile uga ulibadilika bila chuma chochote kusogea. Jua lilikuwa limerusha kuelekea kwetu wingu la gesi ya moto yenye chaji ya umeme, na wingu hilo, ambalo kwa kawaida huchukua siku mbili au tatu njiani, lilifika kwa saa 14 na ushee.

Kinachonivuta katika kisa hiki ni mwaka wake. Jua lina majira ya miaka kama 11, na kilele cha mzunguko ule kilikuwa Novemba 1968. Kufikia Agosti 1972 madoa yake yalikuwa yamepungua kwa karibu miaka minne. Mtu aliyeufuata mchoro wa madoa angesema Jua linaelekea kulala. Badala yake lilitoa mojawapo ya milipuko ya kasi kubwa kuliko yote iliyowahi kupimwa, kati ya safari ya Apollo 16 iliyorudi Aprili na Apollo 17 iliyoondoka Desemba. Wanaanga wangekuwa Mwezini siku zile, wangepigwa na mnururisho mkali bila kinga ya kutosha.

Ninaandika haya wakati kilele kingine kimeshatupita. Wataalamu wamekiweka Oktoba 2024. Usiku wa tarehe 10 Mei mwaka huo huo anga za nchi nyingi zisizozoea mianga ya ncha za Dunia ziliwaka rangi ya waridi na kijani, na kwa siku kadhaa kila mtu alizungumza habari za Jua. Mazungumzo hayo yamepoa. Nadhani yamepoa mapema.

Aliyegundua kwamba Jua lina majira hakuwa akiyatafuta. Heinrich Schwabe alikuwa mfamasia wa mji wa Dessau, Ujerumani. Mwaka 1826 alianza kulikagua Jua kwa darubini kila siku mawingu yalipomruhusu, akitafuta sayari aliyoamini inazunguka ndani ya njia ya Utaridi. Sayari hiyo, kama ingekuwepo, ingeonekana kama nukta nyeusi ikikatiza uso wa Jua. Ili asiichanganye na madoa ilimbidi ayaandike madoa yote, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Sayari haikutokea. Baada ya miaka 17 alikuwa na daftari linaloonyesha kitu kingine kabisa: madoa yanaongezeka na kupungua, na kutoka ongezeko moja hadi jingine hupita kama miaka 10. Alichapisha taarifa fupi mwaka 1844. Wachache waliijali mpaka Alexander von Humboldt alipoliweka jedwali la Schwabe katika juzuu ya tatu ya kitabu chake *Kosmos*, miaka saba baadaye. Kisha Rudolf Wolf, aliyekuwa Bern na baadaye Zürich, akafukua kumbukumbu za watazamaji wa kale, akapata wastani wa miaka 11 na kidogo, na mizunguko ikapewa namba kuanzia ule ulioanza mwaka 1755. Tuliomo sasa ni wa 25.

Namstahi sana Schwabe. Kitu alichokipata hakionekani kwa mtu anayetazama leo na kesho tu. Kinaonekana kwa yule tu aliyekubali kuandika "hakuna" mamia ya mara.

Madoa, hata hivyo, ni dalili tu. Jua halizunguki kama jiwe; ni gesi, na eneo lake la ikweta humaliza mzunguko mmoja kwa siku kama 25 huku maeneo ya karibu na ncha yakichukua zaidi ya 30. Nyuzi za sumaku zilizomo ndani yake huvutwa na kusokotwa kwa tofauti hiyo ya mwendo, zinakazana, na pale zinapozidi kukazana huchomoza juu kama vitanzi. Panapochomoza kitanzi, joto kutoka chini huzuiwa kupanda, pakapoa kidogo kuliko pembeni, na ndipo tunaona doa. Mwaka 1908 George Ellery Hale, kwenye kituo cha Mount Wilson huko California, alithibitisha kwamba madoa ni sumaku zenye nguvu maelfu ya mara kuliko uga wa Dunia. Milipuko ndiyo njia ya nguvu hiyo kutoka. Nyuzi zilizosokotana zikikaribiana sana hukatika na kuungana upya kwa mpangilio mwingine, na nishati iliyowekwa humo kwa siku nyingi hutoka kwa dakika chache.

Hutoka kwa sura mbili ambazo mara nyingi huja pamoja. Moja ni mmweko, yaani mwanga wa ghafla, hasa wa eksirei, unaotufikia kwa dakika nane. Nyingine ni mrusho: kipande cha angahewa la nje la Jua, korona, huchomoka pamoja na sumaku yake na kwenda zake angani kikiwa na uzito wa mabilioni ya tani.

Mtu wa kwanza kuuona mmweko kwa macho yake na kuuandika ni Richard Carrington, nyumbani kwake Redhill, kusini mwa London, tarehe 1 Septemba 1859. Alikuwa akichora kundi kubwa la madoa, picha ya Jua ikiwa imetupwa na darubini juu ya kioo kilichopakwa rangi. Ilikuwa saa tano na dakika 18 asubuhi. Ghafla vipande viwili vya mwanga mweupe mkali vikatokea katikati ya kundi lile. Alidhani mwanga umevuja kupitia tundu fulani la chombo chake, akakitikisa, na vipande vile vikatembea pamoja na madoa. Akakimbia kumtafuta mtu wa kushuhudia. Aliporudi, haikuwa imepita dakika nzima, mwanga ulikuwa umeshafifia na kubadilika. Dakika tano tangu uanze ulikuwa umekwisha. Kumbukumbu za sumaku za kituo cha Kew zilionyesha mshtuko mdogo saa ile ile. Usiku uliofuata, baada ya saa 17 hivi, dhoruba ikapiga Dunia nzima. Mianga ikaonekana hadi Cuba, na mafundi wa telegrafu wa Boston na Portland wakazima betri zao na kuendelea kupeana habari kwa umeme uliokuwa ukipita wenyewe kwenye nyaya. Carrington aliyataja mambo hayo mawili pamoja lakini akawaonya wenzake wasikimbilie kuyaunganisha kwa tukio moja. Tangu niliposoma onyo hilo, nimelipenda kuliko ugunduzi wenyewe.

Mirusho ilichelewa kujulikana, kwa sababu korona ni hafifu na mwanga wa Jua huifunika. Wa kwanza ulinaswa na setilaiti Desemba 1971. Tangu mwaka 1996 chombo cha SOHO, kilichosimama kilomita milioni 1.5 kutoka kwetu upande wa Jua, kimekuwa kikitazama korona kwa kuliziba Jua kwa kisahani, hivyo kinatengeneza kupatwa kwa Jua kusikokwisha. Picha zake zina kisahani cheusi katikati na duara jeupe lililochorwa humo kuonyesha ukubwa halisi wa Jua. Mrusho unapotoka, unaonekana kama tungi la mwanga linalovimba upande mmoja, ukingo wake ukiwa mkali, ndani pakiwa na uwazi, na ndani zaidi kiini kinachong'aa. Ukitoka upande unaotuelekea, huizunguka sahani pande zote kama taji. Hapo mtazamaji hana budi kukaa sawa, kwa sababu katika milipuko mikubwa, chini ya saa moja baadaye, picha inajaa chembechembe nyeupe kila mahali: ni protoni zilizotangulia mbele ya wingu na kuipiga kamera yenyewe.

Rekodi hiyo ya SOHO sasa ina zaidi ya mizunguko miwili mizima, na inatuonyesha jinsi milipuko inavyokwenda na majira. Wakati wa utulivu Jua hutoa mrusho mmoja kwa siku mbili hivi. Karibu na kilele hutoa minne, mitano, hata sita kwa siku moja. Kasi nayo inapanda: wastani wa kilomita 300 kwa sekunde wakati wa utulivu unakuwa 500 au zaidi wakati wa kilele, na ile mikali kabisa hupita 3,000. Mimweko inatofautiana zaidi. Hupangwa kwa herufi, kila daraja ikizidi iliyo chini yake mara kumi, na X ndiyo ya juu. Miaka ya 2008 na 2009 haikuwa na mmweko wa X hata mmoja. Mwaka 2024 ulikuwa na zaidi ya 50.

Mahali pia panabadilika, na hapa ndipo penye utajiri. Wakati wa utulivu mirusho hutoka karibu na ikweta ya Jua. Kilele kinapokaribia, hutoka kila mahali, hata karibu na ncha, ambako hakuna madoa kabisa. Sababu ni kwamba kila kilele ncha za sumaku za Jua hubadilishana: ya kaskazini inakuwa ya kusini. Sumaku ya zamani iliyokaa kwenye ncha lazima iondoke ili mpya ikae, na sehemu yake inaondoka kwa kurushwa. Mwanafizikia Boon Chye Low ameieleza fikra hii kwa nguvu: msokoto wa sumaku haupotei kirahisi ndani ya Jua, kwa hiyo Jua lisingeweza kuanza mzunguko mpya kama lisingeutupa nje ule wa zamani. Ukilitazama jambo hivyo, mlipuko si ajali inayolipata Jua. Ni kazi yake ya lazima, namna linavyojisafisha ili liendelee.

Basi, kama idadi inapanda na kushuka kwa utaratibu hivi, kwa nini tusiseme kwamba hatari nayo inapanda na kushuka vivyo hivyo? Tunaweza kusema hivyo kwa jumla, na jumla haidanganyi. Dhoruba ya Machi 1989, iliyozima umeme wa jimbo la Québec kwa saa tisa na kuwaacha watu milioni sita gizani, ilikuja miezi michache kabla ya kilele cha mzunguko wa 22. Lakini tazama nyingine. Mei 1921, dhoruba iliyounguza kituo cha simu cha Karlstad, Sweden, ilikuja karibu miaka minne baada ya kilele cha 1917. Agosti 1972 nimeshaitaja. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2003, miaka miwili baada ya kilele, Jua lilifanya fujo ya siku kadhaa: umeme ulizimika Malmö, transfoma kadhaa za Afrika Kusini ziliharibika miezi iliyofuata, na tarehe 4 Novemba mmweko mmoja uliwafikisha wapimaji mwisho wa uwezo wa vyombo vyao, hata ukubwa wake, unaokadiriwa kuwa X28, ukabidi kukisiwa. Septemba 2017, zikiwa zimebaki kama miaka miwili tu kufikia utulivu kamili, ukatoka mmweko mkubwa kuliko yote ya mzunguko wa 24. Na mrusho wa tarehe 23 Julai 2012, ambao ungekuja kwetu ungelinganishwa na ule wa Carrington, ulitoka kabla ya kilele cha mzunguko ambao wengi waliudharau kwa unyonge wake. Ulipita pembeni, ukakipiga chombo kinacholitazama Jua, STEREO-A.

Hesabu ya zamani ya pwani ya Waswahili hugawa mwaka katika miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi. Mzee anayeijua hukwambia mwongo wa ngapi watu huanza kupanda. Hakwambii mvua itanyesha Jumanne. Mzunguko wa Jua ni elimu ya namna hiyo. Unajua wingi, haujui siku. Mrusho mmoja unahitaji kundi moja tu la madoa lililosokotana vibaya na kutuelekea, na kundi hilo linaweza kuzaliwa katika mwaka ambao makundi ni machache. Tena, madoa ya miaka ya kushuka hujitokeza karibu zaidi na ikweta ya Jua, na kutoka hapo ni rahisi zaidi mrusho kutulenga. Na hata mrusho ukitulenga, jambo linaloamua ukali wa dhoruba ni mwelekeo wa sumaku uliobebwa ndani yake: ukielekea kusini, unafungua mlango wa uga wa Dunia, ukielekea kaskazini, wingu zito linaweza kupita na madhara kidogo. Mwelekeo huo haupimiki kwa uhakika mpaka wingu lifike kwenye vyombo vilivyo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, nasi tunabaki na chini ya saa moja.

Hata neno kilele lenyewe linastahili kushikwa kwa uangalifu. Kinapatikana kwa kulainisha hesabu za miezi 13, kwa hiyo hakuna aliyewahi kukijua akiwa juu yake. Kinatangazwa kikiwa kimepita. Aghalabu hakiwi kimoja: mwanaastronomia Mrusi Mstislav Gnevyshev alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba shughuli za Jua hupanda mara mbili na bonde katikati. Na wingi wa madoa haulingani kila mara na wingi wa mirusho. Mzunguko wa 24 ulikuwa na madoa machache sana kuliko wa 23, lakini mirusho haikupungua kwa kiasi hicho. Kilichopungua ni msongo wa anga kati ya sayari. Mawingu yakavimba zaidi njiani, sumaku yake ikatawanyika, na dhoruba zikawa laini.

Tamaa ya kulifanya Jua kalenda imetugusa hata sisi. Usawa wa maji ya Ziwa Victoria umepimwa tangu mwaka 1896. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alionyesha kwamba ziwa lilikuwa likipanda na kushuka pamoja na madoa ya Jua. Ulinganifu ulikuwa wa kushangaza, na ungeweza kumpa mkulima na mvuvi utabiri wa miaka mingi mbele. Kabla miaka ya 1920 haijaisha ukavunjika. Kisha kati ya 1961 na 1964 ziwa likapanda zaidi ya mita mbili, na Jua wakati huo lilikuwa likiteremka kuelekea utulivu wa 1964. Watafiti wamelirudia swali hilo baadaye kwa uangalifu mkubwa zaidi, na silidharau. Ninachosema ni kwamba waliozunguka ziwa wangepanga maisha yao kwa mchoro ule wangezama nao.

Uhusiano ulio imara zaidi ulipimwa kutoka pwani yetu. Tarehe 26 Aprili 1967, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya Italia iliyobeba mizani ya aina yake, iliyobuniwa na Profesa Luigi Broglio. Kazi yake ilikuwa kupima jinsi hewa nyembamba ya juu inavyoikwaza setilaiti inapopita. Hewa ile hupokea joto la Jua lenye ghasia, ikavimba na kupanda, na chochote kinachopita humo kinapunguzwa mwendo. Kituo cha Skylab kilianguka Julai 1979, mapema kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu mzunguko wa 21 ulipanda kwa nguvu kuliko walivyokisia. Februari 2022, dhoruba ndogo tu, isiyostahili kutajwa katika orodha yoyote, iliangusha karibu setilaiti 40 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa siku moja kabla. Jua lilikuwa bado linapanda.

Sisi tuishio karibu na ikweta hatuoni mianga, na nadhani hilo ndilo linalotufanya tudhani jambo hili ni la watu wa kaskazini. Lakini tabaka la hewa yenye chaji juu ya ukanda wetu ndilo lenye vurugu kuliko mengi: baada ya Jua kuzama hutokea humo mapovu yanayovuruga mawimbi ya setilaiti, na hayo huongezeka wakati Jua lina shughuli nyingi. Simu inayomwongoza dereva wa bodaboda na chombo kinachompa rubani mahali alipo vinategemea mawimbi hayo hayo.

Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kikamilifu kuanzia kusini mwa Hispania, kupitia Afrika Kaskazini na Luxor, hadi Jeddah na Makkah, kisha Yemen na ncha ya Somalia. Kenya na Tanzania zitaona sehemu tu. Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita. Waliokuwa Pakwach, Uganda, tarehe 3 Novemba 2013 waliona, kwa sekunde chache, korona ya wakati wa kilele, yenye miiba pande zote. Ile ya 2027 itakuwa ya miaka ya kushuka, ikianza kujikusanya upande wa ikweta. Itakuwa imepita miaka mitatu kasoro miezi miwili tangu kilele. Katika kupatwa kwa tarehe 18 Julai 1860, Wilhelm Tempel, akiwa Torreblanca, Hispania, alichora kwenye korona kitu kilichojikunja na kujitenga na miale mingine, na wataalamu wengi leo wanaamini alichora mrusho bila kujua. Mrusho huchukua saa kadhaa kuivuka korona, na katika miaka ya kushuka hutokea miwili au mitatu kwa siku. Uwezekano wa kuukuta mmoja katika dakika sita za Luxor upo, na ni mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri.